Mwenye Kipaza Sauti cha Sayari ya Chumvi

Kila Jumamosi alasiri, katika chumba kirefu nyuma ya duka la kutengeneza simu, watu wazima wenye kazi, familia na mabomba yanayovuja majumbani mwao hukutana kuamua mustakabali wa sayari nyingine. Hii yetu wameiacha ijiendeshe yenyewe.

Chumba hicho huitwa Ukumbi. Kina viti vya plastiki vya rangi zisizoelewana, pazia nene lililoshonwa kwa mashuka mawili, na runinga kubwa iliyofungiwa ndani ya kizimba cha chuma, kana kwamba waliomo wanaweza kutoroka. Mwenye chumba ni mama mmoja mnene wa sauti nyembamba, ambaye kila mtu humwita Mama Ukumbi. Pembeni mwa kizimba pana stuli ndefu, na juu ya stuli hiyo hukaa mtu wa habari hizi, yaani Mkalimani.

Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Tamthilia zinazoonyeshwa pale ni za sayansi ya kubuni, kutoka nchi za mbali, na wahusika wake hawajui Kiswahili, jambo la kushangaza kidogo kwa watu waliokwisha kuzifikia nyota zote hizo. Kwa hiyo Mama Ukumbi hupunguza sauti ya runinga, naye Mkalimani hushika kipaza sauti na kusema kwa niaba ya wote: nahodha, adui, roboti, mtoto mchanga, na mlango unaojifungua. Mlango anaufanya vizuri sana.

Kabla ya hapo alikuwa amejaribu mengi. Alinadi vyombo kwenye nyumba ya mnada, wakamwachisha kazi kwa sababu aliwahurumia wanunuzi na kuwatajia kasoro za kila kitu. Akatangaza dawa ya panya mitaani, mpaka sauti yake ikazoeleka kiasi kwamba alipoalikwa harusini na kusimama kutoa pongezi, wageni walichungulia chini ya meza. Ndipo alipopata stuli ya Ukumbi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alifungua mdomo na watu wakanyamaza ili wamsikie. Mtu akishaonja jambo la namna hiyo hawezi tena kurudi kwenye dawa ya panya.

Tamthilia zilizotawala Ukumbi zilikuwa mbili. Ya kwanza, *Doria ya Mbali*, ilihusu chombo cha angani ambacho kiliharibika kila wiki na kutengenezwa kila wiki. Ilikuwa kwa Kiingereza, na Mkalimani alikuwa amesoma Kiingereza vizuri shuleni, kwa hiyo aliifasiri neno kwa neno, kwa uaminifu wa mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Ya pili, *Sayari ya Chumvi*, ilikuja ndani ya flashi ambayo Mama Ukumbi aliinunua bila kuuliza maswali, na ilikuwa kwa lugha ambayo hakuna aliyejua hata inaitwaje.

"Hii lugha unaijua?" Mama Ukumbi alimuuliza siku ile.

"Naisikia," alijibu Mkalimani.

Na ni kweli. Alikuwa anaisikia.

Tangu hapo Ukumbi ukagawanyika. Upande wa *Doria* uliongozwa na Mzee Karani, karani mstaafu wa mahakama, mjane, mwenye miwani na kiti chake mwenyewe cha mbele ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia hata mwenyewe akiwa mgonjwa. Upande wa *Chumvi* uliongozwa na muuza nyama wa mtaa, mtu mpana, mchangamfu, aliyeitwa Bucha kwa kifupi. Watu hawa wawili hawakuwa na ugomvi wowote katika dunia hii. Karani alinunua nyama kwa Bucha, na Bucha alimchagulia kipande kizuri. Ugomvi wao ulianzia kwenye anga za juu.

"Kitaalamu," Karani angeanza, maana hakuna sentensi yake ya Jumamosi iliyoanza vinginevyo, "sayari nzima ya chumvi haiwezekani. Watu wake maji wanayatoa wapi?"

"Si wanalia, mzee. Kila wiki wanalia. Maji yapo tele."

"Mimi nazungumza sayansi. Katika *Doria*, chombo kikiharibika unaambiwa ni valvu ipi."

"Ndiyo, na sehemu nzima tunakaa kuitazama hiyo valvu. Valvu mbovu hata mimi ninayo nyumbani, lakini siwaiti watu waje kuikodolea macho."

"Kumbe unayo. Basi itengeneze."

"Nitaitengeneza ya nini, mzee, wakati Jemedari anataka kumwacha Malkia?"

Hapo wapenzi wa *Chumvi* wangeguna kwa uchungu. Jemedari, mume wa Malkia, ndiye mtu aliyechukiwa kuliko wote Ukumbini, na aliyemchukia zaidi alikuwa Bucha. "Mwanamume gani yule," alisema mara nyingi, akiwageukia wenzake waliokaa nyuma. "Anatoka vitani, anaingia kwake, haulizi watu wameshindaje, anauliza chakula kiko wapi. Halafu anavua viatu katikati ya njia. Mimi ningekuwa mke wake ningeshahama sayari."

Wenzake waliinamisha vichwa kukubali. Ilisemekana kwamba *Sayari ya Chumvi* ina falsafa. *Doria* ilikuwa na valvu.

Falsafa hiyo ilitungwa kila Ijumaa jioni, kabla ya chakula, katika chumba cha mbele cha nyumba ya Mkalimani, nayo ilitungwa na mke wake, ambaye ni fundi cherehani na hajawahi kusoma lolote kuhusu anga. Mkalimani alikuwa akiiweka sehemu ya kesho kwenye runinga yao ndogo, juu ya kabati la vitambaa, naye mkewe aliendelea kushona huku pini zikiwa mdomoni.

"Mke wangu, huyu mama mwenye taji analia nini?"

Mkewe alinyanyua macho mara moja tu, kama mtu anayetazama saa. "Amefiwa na mama mkwe. Na walikuwa hawasemeshani."

"Umejuaje?"

"Tazama mikono. Anayemlilia mtu wake hushika kichwa. Huyu ameshika kitasa cha mlango. Ana neno alitaka kwenda kulisema, akachelewa."

Na Mkalimani aliandika hivyo kichwani mwake, na kesho yake Ukumbi mzima ulijipangusa macho.

Fundi huyo wa cherehani hakuwa mchawi. Ni kwamba mtu akisimama kupimwa kiuno, na mikono ameinyanyua, mara nyingi husema mambo ambayo hangemwambia hata dada yake. Siku nzima wateja walimwachia habari zao pamoja na vitambaa. Mke wa Bucha, kwa mfano, alikuwa mteja wa miaka mingi, na alipokuwa akishonewa gauni la kitambaa cha bluu alieleza kwa kirefu jinsi mume wake anavyoingia nyumbani bila salamu, anavyoulizia chakula, na mahali anapovulia viatu. Wiki hiyohiyo Jemedari alirudi kutoka vitani.

Mambo yakaenda hivyo kwa amani, mpaka Karani alipoamua kutafuta ukweli, kama wastaafu wanavyofanya wakikosa shughuli.

Katikati ya wiki aliingia Ukumbini akiwa amevaa koti, na mkononi ameshika flashi ndani ya bahasha ya kaki. Mama Ukumbi alikuwa akipangusa viti, naye Mkalimani akimsaidia kufunga waya wa kipaza sauti uliolegea.

"Mpwa wangu anafanya kazi melini," alisema Karani. "Ameniletea hizi. *Doria* na *Sayari ya Chumvi*, zote mbili, na chini ya picha zina maandishi ya Kiswahili. Yametafsiriwa na wataalamu wanaozijua lugha zenyewe." Alimgeukia Mkalimani kwa upole wa kutisha. "Kijana wangu, sina ugomvi nawe. Ninataka tu Jumamosi watu waone *Chumvi* yenyewe inasema nini. Waone kama ina hiyo falsafa."

Mama Ukumbi aliichukua flashi, akaigeuzageuza. "Maandishi yenyewe," aliuliza, "yanakaa hapo chini muda wote?"

"Muda wote."

"Basi tuyajaribu. Yakifaa, tutakuwa tunayatumia hayo." Alimtazama Mkalimani, na kwa kuwa alikuwa mwanamke mkweli hakuona haja ya kuzunguka. "Usinichukie, mwanangu. Maandishi hayaumwi koo. Wala hayanywi chai."

Mkalimani alikwenda nyumbani kwa miguu, akipita njia ndefu. Pale kwenye kona ya duka la dawa za mifugo na panya, mwenye duka alimsalimia kwa furaha na kumkumbusha kwamba kipaza sauti cha zamani bado kipo, betri tu ndizo zimekwisha.

Ijumaa jioni hawakuwasha runinga. Mkewe alikuwa akipinda upindo wa sketi ya mtu.

"Kwa hiyo kesho," alisema, "watajua mama mkwe hakufa."

"Watajua hakuwepo kabisa."

"Mh." Alikata uzi kwa meno. "Na yule binti wa Malkia aliyemkataa mchumba?"

"Mke wangu, huenda si binti yake. Huenda ni katibu."

Mkewe alisimamisha cherehani. Hapo ndipo Mkalimani alipoona kwamba si yeye peke yake aliyekuwa akinyang'anywa kitu. "Kesho nitakuja," mkewe alisema. "Sijawahi kuwaona watu wangu kwenye runinga kubwa. Kama wanazikwa, angalau nihudhurie."

Jumamosi Ukumbi ulijaa mpaka mlangoni, maana hakuna kinachowavuta watu kama aibu ya mtu mwingine. Bucha alimwona mke wa Mkalimani akiingia na kifurushi chake cha kushonea, akampisha kiti cha nyuma karibu na feni.

"Karibu, shemeji. Leo umekuja kumwona mtu wetu akionewa."

"Nimekuja kumwona Jemedari," alijibu shemeji. "Nasikia ana tabia mbaya."

"Mbaya sana, shemeji. Sijui mkewe anamvumiliaje."

"Hata yeye hajui," alisema shemeji, na akatunga uzi kwenye sindano.

Mkalimani aliketi juu ya stuli yake kama kawaida, ila kipaza sauti kilikuwa kimelala kwenye kizimba, kimezimwa. Hakujua aiweke wapi mikono. Karani alikaa mbele, miguu pamoja, kama shahidi.

Runinga ikawashwa. Ilikuwa ni sehemu ileile ya msiba, ambayo watu walikwisha kuiona na kuililia. Malkia alisimama mlangoni. Nje, milima ya chumvi ilimeta. Midomo yake ilitetemeka, chozi likamtoka, mkono wake ukashika kitasa, na chini yake maandishi meupe yakatokea, safi, yasiyoumwa koo:

*Waziri, tume ya bandari imeahirisha kikao.*

Waziri akapiga goti mbele ya Malkia, uso wake umejaa huzuni.

*Bei ya chumvi imeshuka tena. Tutahitaji maghala mapya upande wa mashariki.*

Malkia alifunika uso kwa viganja.

*Leteni makadirio.*

Mkalimani alitazama sakafu. Karani alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, na utulivu wa furaha ukaenea usoni mwake kama mtu aliyeshinda rufani. Mtu mmoja kule nyuma alimwomba jirani yake amsomee, kwa sababu miwani ameisahau. Jirani akamjibu kwamba hata yeye hasomi haraka hivyo, wakifika katikati maneno yameshaondoka. Wawili walitoka nje kuvuta hewa, hawakurudi, na wengine wakawafuata mmoja mmoja.

Bucha ndiye aliyesimama kwanza.

"Isimamishe kidogo, mama." Picha ikasimama, Malkia akiwa na chozi lake. "Mzee, huyo aliyeandika hapo, ni nani?"

"Mtaalamu."

"Mtaalamu wa nini?"

"Wa lugha. Anaijua lugha yao."

"Lugha anaijua, sikatai. Lakini watu yeye hawajui." Bucha alinyoosha kidole kilekile anachochagulia nyama. "Mtazame huyu mama. Mtazame vizuri. Hayo ni macho ya kikao cha bandari? Mzee, wewe umekaa kwenye vikao maisha yako yote. Kimeahirishwa kikao, ukalia?"

"Nilifurahi," alikiri Karani, kwa kuwa alikuwa chini ya kiapo cha moyo wake mwenyewe.

"Basi."

"Lakini imeandikwa."

"Hata duka langu limeandikwa *nyama laini*."

Watu wakacheka, na baada ya kicheko hicho kesi ikaharibika moja kwa moja. Kila aliyekuwa na kinywa alitoa ushahidi. Mmoja alisema inaonekana wazi kwamba mtafsiri hajawahi kufiwa. Mwingine alisema nchi za mbali zina desturi ya kuficha mambo mazito kwenye maneno ya biashara. Wa tatu, mwalimu wa hesabu, mtu wa kuaminika, alieleza kwamba waliotengeneza tamthilia wenyewe huenda hawakuielewa, na hilo hutokea mara nyingi. Hakuna hata mmoja, narudia, hakuna hata mmoja aliyetamka wazo dogo lililokuwa limekaa katikati ya chumba kama tembo kwenye stuli, kwamba Mkalimani alitunga.

Karani alisimama kuuokoa ukweli. "Haya. Tuweke *Doria*. Tuone kama hapo pia maandishi yamekosea."

Ikawekwa *Doria*. Fundi Mkuu wa chombo, mwenye ndevu nyingi, aliinama juu ya mtambo. *Valvu ya tatu imeziba,* yalisema maandishi. *Leta spana.* Watu walikumbuka. Hivyo hasa ndivyo Mkalimani alivyowaambia, valvu ya tatu, na spana pia. Neno kwa neno, sehemu nzima.

"Mnaona?" alisema Karani. "Sawasawa kabisa."

Bucha alikuwa akitikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyegundua ugonjwa. "Kumbe ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Ndiyo maana inachosha. Kumbe siku zote alikuwa anatusomea ilivyo." Alimgeukia Mkalimani, na macho yake yalikuwa na uchungu wa kweli. "Ndugu yangu, *Doria* ilikukosea nini?"

Mama Ukumbi alikuwa amehesabu viti, si kwa kuwa anapenda hesabu, ila kwa kuwa vilikuwa vyake. Vilivyobaki vitupu vilikuwa vingi. Alichomoa flashi, akaichukua bahasha ya kaki, akavirudisha vyote kwa Karani kwa heshima zote, kisha akakiokota kipaza sauti na kukiweka mapajani mwa Mkalimani.

"Endelea na kazi, mwanangu. Ila kuanzia wiki ijayo, na hiyo ya valvu uifasiri vizuri, kama unavyofasiri ile nyingine. Usibague."

Ndivyo ukweli ulivyoshindwa Ukumbini, kwa kura za wazi, na ushindi wa Karani ukaishia kwenye kuiharibu tamthilia aliyoipenda. Alitoka bila kuaga. Kule nyuma, shemeji alikuwa amemaliza upindo. Alimwomba Bucha amsaidie kukunja kitambaa, naye akamsaidia, akamsindikiza hadi mlangoni, na njiani akamweleza tena kuhusu Jemedari na viatu vyake.

Ijumaa iliyofuata Mkalimani aliiweka *Doria* juu ya kabati la vitambaa, bila furaha.

"Huyu mwenye ndevu," mkewe aliuliza, "shida yake nini?"

"Valvu ya nne."

"Valvu gani, baba watoto. Angalia anavyokitazama kile kidude ukutani, cha kuongelea. Kila akipita anakigusa. Ana mtoto mbali, na mtoto hampigii simu."

"Umejuaje?"

Mkewe alielekeza sindano kwenye suruali ya kijivu iliyotundikwa kwenye msumari, pasi imenyooka kama rula, ambayo mwenyewe angeipitia kesho yake asubuhi. Mkalimani aliitambua. Suruali ya namna ile huvaliwa na mtu mmoja tu mtaani.

"Mfuko huohuo nimeushona tena na tena," alisema mama. "Kitambaa ni kizima, hauna kitu kizito. Umechanika kwa kutoa simu na kuirudisha."

Jumamosi Karani alikuja. Wengi hawakumtegemea. Alikaa kwenye kiti chake cha mbele, mikono juu ya magoti ya suruali yake ya kijivu, na alisema kwa sauti ya kusikika kwamba amekuja kama mtazamaji tu, kwa ajili ya kumbukumbu, ili kila kosa lijulikane. Bucha alimpa pole. Kipaza sauti kikakoroma, na *Doria ya Mbali* ikaanza kufasiriwa vizuri.

Chombo kiliharibika, kama kawaida. Fundi Mkuu aliinama, kama kawaida. Lakini safari hii spana yake ilisimama hewani, kwa sababu kidude cha ukutani kiliwaka taa nyekundu, na Mkalimani, ambaye hata mlango huufanya vizuri, alifanya sauti ya msichana aliye mbali sana anayeuliza kama baba ameshakula. Fundi Mkuu alifungua mdomo na kuufunga. Huenda, kwa lugha yake, alikuwa akiomba kopo la grisi. Mkalimani alisema kwa niaba yake kwamba ameshakula, kwamba kila kitu kiko salama huku, na kwamba asijali, hakuwa amekaa akisubiri simu.

Bucha alinong'ona kwamba sasa hii ndiyo tamthilia. Mtu mmoja alimwambia anyamaze.

Karani alikuwa ameshika miwani mkononi. Alikaa hivyo mpaka taa nyekundu ilipozimika na chombo kikapona chenyewe bila mtu kukigusa, jambo ambalo wiki iliyopita lingemtoa kwenye kiti.

"Kitaalamu," alisema hatimaye, "kwa umbali ule simu haiwezi kufika. Mawimbi yangechukua miaka."

Bucha aliinamisha kichwa kukubali. Mama Ukumbi alikwenda kufungua pazia. Watu walianza kuburuza viti.

Karani aliinuka, akausogelea ule upande wa stuli, na kujifanya anakagua waya. "Lakini huyo binti," aliuliza kwa sauti ya chini. "Alisema atapiga tena?"

Mkalimani alifikiri. Hilo hakuwa ameambiwa. "Sijajua, mzee. Nitauliza."

Sasa, Karani alikuwa ameandika maneno ya mashahidi tangu ujana wake, na hakuna swali alilolisikia mahakamani mara nyingi kuliko lile la kumuuliza shahidi habari hizo amezipata kwa nani. Alifungua mdomo kuliuliza. Aliutazama uso wa Mkalimani, akaitazama runinga iliyozimwa ndani ya kizimba chake. Kisha akavaa miwani na kuushika mfuko wake wa suruali, ule ulioshonwa upya, kuhakikisha simu imo.

"Uliza," alisema.